Ndege ya Mjapani iliyotuchungulia mwaka 1942

Mei 19 imepita tena kimyakimya. Siku kama hiyo mwaka 1942, ndege ndogo ya Jeshi la Wanamaji la Japani ilitumwa kuchungulia bandari za Zanzibar na Dar es Salaam. Haikudondosha bomu. Ilikuja kutazama, ikarudi baharini ilikotoka, na habari yake ikafunikwa na makubwa yaliyofuata. Ndege ya aina hiyo ninayoweza kuishika leo ni ya plastiki: modeli ya kuunganisha, kipimo cha 1/72, kutoka Japani, ambayo nimeifungulia sanduku lake hapa Msimbati, Mtwara.

Msimbati inatajwa kwa gesi ya Mnazi Bay, kwa hifadhi ya bahari, na mara mojamoja kwa yule Mwingereza, Latham Leslie-Moore, aliyejitangazia usultani wake hapa. Wachache wanaitaja katika habari za Vita Kuu ya Pili. Lakini ukivuka mdomo wa Ruvuma na kuipita Rasi Delgado, unaingia kwenye Mlangobahari wa Msumbiji, na kati ya Juni na Julai 1942 nyambizi za Kijapani zilizamisha humo meli za mizigo zaidi ya 20. Mtwara haikuchunguliwa kwa sababu hapakuwa na cha kuchungulia: bandari yake ya kina kirefu ilijengwa baada ya vita, kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947.

Turudi kwenye sanduku. Ndege yenyewe ni Yokosuka E14Y, ambayo maadui wa Japani waliibandika jina la Glen. Zilitengenezwa 126. Ilibeba watu wawili, rubani na mtazamaji, na injini yake ya Hitachi yenye nguvu ya farasi 340 haikuifikisha kilomita 250 kwa saa. Kwa ndege ya vita, huo ni mwendo wa kujitafutia kifo. Ila haikuundwa kupigana. Iliundwa ikae tumboni mwa nyambizi. Mbawa zilifunguliwa, maboya yake mawili ya kutulia majini yakafunguliwa, vikasukumwa vyote ndani ya banda la chuma lisilopitisha maji mbele ya mnara. Nyambizi ikiibuka, mafundi waliiunganisha juu ya sitaha gizani, manati ikairusha. Ikirudi, ilitua majini ikanyanyuliwa kwa winchi. Kwa hiyo anayeiunganisha mezani, kipande kwa kipande, anafanya kazi ileile ya mabaharia wale, bila mawimbi na bila hofu.

Modeli ya ndege huanza kupimwa kwa rula. E14Y ilikuwa na upana wa mita 11 kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine. Ukigawanya kwa 72 unapata sentimita 15 na kidogo. Hii yangu imefika hapohapo. Urefu, karibu sentimita 12, nao uko sawa. Maboya yana umbo zuri, na mkia haukukosewa. Kasoro iko kwenye mbawa. Za ndege halisi zilivikwa kitambaa juu ya mifupa ya mbao, na kitambaa kilichovutwa vizuri huonyesha mifupa kwa mbali tu. Aliyechonga kalibu hii ameitokeza kama mbavu za mbuzi wa kiangazi. Msasa laini unapunguza, ukiwa na subira. Kioo cha rubani ni kinene mno, kinaficha viti. Na vile vijiti vya kuyashika maboya vinahitaji kushikiliwa mpaka gundi ikauke, vinginevyo ndege itasimama upande.

Lawama yangu kubwa haihusu plastiki. Ndege hii ina mashujaa wake wa kimataifa, na sisi hatumo. Anayetajwa daima ni rubani Nobuo Fujita, aliyerushwa kutoka nyambizi I-25 Septemba 1942 akadondosha mabomu ya moto kwenye misitu ya Oregon, Marekani. Moto wenyewe ulikuwa mdogo. Hata hivyo Fujita alialikwa mji wa Brookings mwaka 1962, akaukabidhi upanga wa ukoo wake, na upanga huo mji umeutunza. Ndiyo maana wengi wanaoiunda modeli hii huipaka rangi kama ndege ya Fujita.

Iliyokuja kwetu ilitoka nyambizi I-30. Wajapani walikuwa wanawinda manowari za Waingereza. Baada ya Wajapani kushambulia Colombo na Trincomalee mwezi Aprili, kundi la meli za Admirali James Somerville lilirudi nyuma hadi Kilindini, Mombasa. I-30 ikapita ikipekua bandari: Aden Mei 7, Djibouti Mei 8, kisha Zanzibar na Dar es Salaam. Mombasa, penye mali yenyewe, ilichunguliwa kwa periskopu tu. Huko huko Mombasa mwaka huohuo, Waingereza waliitwaa shule ya Allidina Visram wakaigeuza kituo cha kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani. Mchunguzi naye alikuwa anachunguzwa.

Mawindo yalipatikana Madagaska. Waingereza walikuwa wameiteka Diego Suarez mapema Mei kutoka kwa Wafaransa wa serikali ya Vichy. Jioni ya Mei 29, ndege ya nyambizi nyingine, I-10, ilipita juu ya bandari ikaiona manowari kubwa Ramillies. Lakini nayo ilionekana. Waingereza wakashtuka, Ramillies ikang'oa nanga na kuhamia sehemu nyingine ya bandari. Haikusaidia. Usiku wa Mei 30, nyambizi ndogo za watu wawiliwawili zilizoachiwa na I-16 na I-20 ziliitafuta. Torpedo moja ikaitoboa vibaya, nyingine ikaizamisha meli ya mafuta British Loyalty. Wajapani wawili, Akieda na Takemoto, chombo chao kilikwama mwambani wakashuka nchi kavu kwa miguu, wakauawa Juni 2 wakipambana na wanajeshi wa Kiingereza.

Hapo ndipo habari inapotugusa. Septemba 1942, brigedi ya Afrika Mashariki ilipelekwa kuimalizia Madagaska, na miongoni mwa askari wake walikuwamo keya, yaani askari wa King's African Rifles, wa kikosi cha 6, vijana wa Tanganyika. Vita ile ilikwisha Novemba. Baadaye askari wengi wa Afrika Mashariki walipelekwa Bama kupigana na Wajapani wenyewe. Bama wazee waliisimulia. Madagaska imesahaulika, na ndege iliyopita juu ya Dar es Salaam ndiyo kabisa.

Sina ugomvi na viwanda vya Shizuoka, mkoa zilikozaliwa kampuni nyingi za modeli za Japani. Vinauza wanachonunua wateja. Ugomvi wangu ni na sisi. Ya meli ya Kijerumani Königsberg, iliyokwisha Rufiji mwaka 1915, tunayajua, na sanamu ya Askari imesimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927. Hiyo yote ni ya vita ya kwanza. Ya pili ilifika mpaka angani petu, na kijana wa Mtwara anamaliza sekondari akiijua Pearl Harbor lakini haijui Diego Suarez, ng'ambo ya maji anayoyaona kila siku.

Modeli hii inafaa kununuliwa, mbavu zake zikipigwa msasa. Ingefaa zaidi kwenye kabati la kioo la Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, pamoja na ramani ya Mei 1942 na majina ya nyambizi. Na msomaji ambaye babu yake alikuwa keya Madagaska, kama nyumbani imebaki medali, barua au picha, aipeleke makumbusho kabla mchwa hawajaifikia.