Masikio ya Vita vya Kagera

Mzee mmoja wa Sale, aliyekwenda Kagera mwaka 1978 akiwa kijana, hujibu maswali nisiyomuuliza. Wajukuu wake husema ni uzee. Mimi nina shaka.

Historia ya vita vile tumeiandika kwa tarehe: hotuba ya Mwalimu ya Novemba 2, kisha kuanguka kwa Kampala Aprili 11, 1979. Twasimulia kwa fahari jinsi roketi za Katyusha, ambazo Waganda waliziita "Saba Saba", zilivyomtia adui kiwewe. Waliosimama kando ya mitambo ile ikifyatua, hatuwasimulii. Mshindo mkubwa huua seli zenye vinywele ndani ya sikio, nazo zikishakufa hazioti tena; kifaa cha usikivu hukuza sauti tu, hakizifufui.

Mtaalamu wa usikivu huitambua hasara hiyo kwa bonde linalojitokeza kwenye chati, karibu na hezi 4,000. Lakini kadiri miaka inavyosonga, uzee hulifunika bonde hilo, na ushahidi wa vita hufutika mwilini mwa shahidi mwenyewe, naye angali hai.

Nilipomwambia mzee nimpeleke Moshi akapimwe, alinijibu kwamba mwaka huu mvua zimechelewa.