Dawa za kifafa zinavyoathiri mbinu za kupanga uzazi

Mwanamke anayetumia dawa za kifafa anaweza kushika mimba asiyoitarajia hata kama hasahau kumeza tembe zake za kupanga uzazi. Chanzo ni kwamba baadhi ya dawa hizo hupunguza nguvu za homoni mwilini.

Katika maeneo ya mashambani kama Rukanga, chini ya Mlima Kasigau, Kaunti ya Taita Taveta, suala hili lina uzito wa kipekee. Wagonjwa wengi wa kifafa mashambani hutegemea fenobabitoni, dawa ya bei nafuu. Pamoja na fenitoini na kabamazepini (Tegretol), dawa hiyo huchochea ini kuvunja homoni upesi kuliko kawaida. Kwa hiyo tembe na vipandikizi vinavyotiwa mkononi huenda visimkinge mtumiaji ipasavyo. Athari hiyo huendelea kwa takriban wiki nne baada ya dawa kuachwa.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa sindano na vipandikizi ndizo mbinu zinazotumiwa zaidi na wanawake walioolewa nchini Kenya. Sindano ya Depo, inayodungwa kila miezi mitatu, haiathiriwi na dawa hizo. Vivyo hivyo koili, iwe ya shaba au ya homoni, kwani hufanya kazi ndani ya mji wa mimba. Kondomu nayo haiathiriwi, na huzuia pia maambukizi ya magonjwa ya zinaa.

Lamotrigini ni kinyume cha hayo. Tembe zenye homoni ya estrojeni hupunguza kiwango chake katika damu kwa karibu nusu, na kifafa kilichokuwa kimetulia kinaweza kurejea.

Valproeti (Epilim) haidhoofishi tembe, lakini ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Takriban mtoto mmoja kati ya 10 wa akina mama wanaoitumia wakiwa wajawazito huzaliwa na kasoro za maumbile, na watatu hadi wanne kati ya 10 huchelewa kukua kiakili. Ndiyo maana anayeitumia anahitaji kinga ya kuaminika.

Hata hivyo, mgonjwa hafai kamwe kuacha dawa ya kifafa kwa hiari yake, hata akigundua ana mimba. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma na kuhatarisha maisha ya mama na mtoto. Anayenuia kuzaa anafaa kumwona daktari mapema ili dawa ibadilishwe ikibidi, na aanze kumeza asidi ya foliki kabla ya kushika mimba.

Mara nyingi dawa ya kifafa hutolewa katika chumba kimoja na mbinu ya uzazi katika kingine. Mhudumu asipouliza, mama mwenyewe na ataje dawa anazomeza, au abebe pakiti zake zote aendapo kliniki.