Kutoka Keko hadi Mbagala: Historia ya Mikataba ya Kugawa Dawa

Miezi michache iliyopita mwenye duka la dawa mmoja wa Mbagala alinionyesha boksi aliloliweka chini ya kaunta. Lilikuwa na dawa zilizokwisha muda wake wa matumizi. Hakuwa na nia ya kuziuza. Alikuwa akisubiri utaratibu wa kuziteketeza. Nilipomuuliza kwa nini hakuzirudisha kwa muuza jumla aliyemuuzia, alicheka. "Mwalimu," akasema, "dawa ikishatoka ghalani kwao ni yangu. Ikiuzwa ni yangu, ikioza ni yangu."

Mama huyu hajawahi kuona mkataba wowote kati ya kiwanda cha dawa na wakala wake. Hata hivyo, maneno yake ni muhtasari sahihi wa kifungu kimoja cha mikataba hiyo. Hoja ya makala haya ni kwamba mkataba wa kugawa dawa ni, kabla ya yote, mkataba wa kugawa hasara: nani atalipa dawa ikichelewa, ikiharibika, ikikosa mnunuzi au ikipanda bei. Historia ya nchi yetu tangu Uhuru inaonyesha kwamba hasara hiyo imekuwa ikihamishwa hatua kwa hatua kuelekea kwa yule asiyekuwepo mezani wakati wa mazungumzo.

Tuanze Keko. Hapo, ndani ya Wilaya ya Temeke, ndipo ilipo Bohari ya Dawa, na hapo hapo Keko serikali iliwahi kujenga kiwanda chake cha dawa. Kutoka Keko hadi Mbagala ni mwendo mfupi wa Barabara ya Kilwa. Kwa njia ya mikataba, hata hivyo, safari hiyo ni ndefu mno, na mara nyingi hupitia Geneva, Basel na Mumbai.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 jibu la swali la hasara lilikuwa jepesi: hasara ni ya umma. Bohari Kuu ilikuwa idara ya Wizara ya Afya, na shirika la umma la NAPCO liliagiza dawa na kuziuza kwa jumla. Mwaka 1977 sheria iliwekea hospitali za binafsi mipaka mikali. Mfumo huu ulikuwa na haki ndani yake, lakini ulitegemea fedha za kigeni, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha hizo zilikauka. Rafu za zahanati zikabaki tupu.

Hapo ndipo ulipokuja Mpango wa Dawa Muhimu, ulioanza 1983 kwa fedha za Denmark na usimamizi wa UNICEF. Dawa zilifungwa ng'ambo katika masanduku yenye idadi maalumu, na kila zahanati na kituo cha afya kikapata mgawo wake. Masanduku yale yaliokoa maisha ya watu wengi. Lakini yaliyomo yaliamuliwa kabla ya kujulikana nani ataugua nini na wapi. Zahanati moja ililimbikiza dawa isiyohitajika huku ikikosa ile iliyohitajika. Aliyefungasha sanduku alikuwa amekwisha timiza wajibu wake. Upungufu ulibaki kwa mganga wa zahanati na mgonjwa wake.

Miaka ya 1990 ilibadili sura ya mambo. Mwaka 1991 tiba binafsi iliruhusiwa upya. Sheria Na. 13 ya 1993 iliunda Bohari ya Dawa kuwa chombo kinachojitegemea, kinachonunua na kuuza kwa vituo vya umma na kutakiwa kuzungusha mtaji wake. Mwaka 1997 wawekezaji binafsi waliuziwa sehemu kubwa ya hisa za kiwanda cha Keko na za kile cha TPI cha Arusha. Soko likafunguka, na pamoja nalo likaja swali ambalo watumishi wengi wa umma hawakuwa wamefundishwa kuliuliza: makampuni ya dawa hukubaliana nini na mawakala wao?

Kwa kawaida mambo yanayojadiliwa ni machache. La kwanza ni eneo na upekee: je, wakala ni mmoja kwa nchi nzima? La pili ni kiasi cha chini cha oda kwa mwaka. La tatu ni siku za mkopo. La nne ni dawa zinazokaribia kuisha muda: nani azipokee? La tano, ambalo wengi hulipuuza, ni usajili. Dawa haiingii sokoni bila kusajiliwa na mamlaka, ambayo tangu 2019 inaitwa TMDA, na kiwanda cha nje hulazimika kuwa na mwakilishi hapa nchini. Usajili ukiwa mikononi mwa wakala, kiwanda hakiwezi kumwacha kwa urahisi. Ukiwa mikononi mwa kiwanda, wakala aliyejenga soko kwa miaka kumi anaweza kuondolewa kwa barua ya ukurasa mmoja.

Wapo walioamua kutohangaika na uwakala. Mwaka 2008 kampuni ya Aspen ya Afrika Kusini ilinunua asilimia 60 ya Shelys, kampuni ya dawa yenye kiwanda Mwenge, Kinondoni, iliyokuwa pia ikimiliki Beta Healthcare ya Nairobi. Mnunuzi wa namna hiyo hapati mashine peke yake. Anapata pia usajili, magari, wauzaji na wateja wa Afrika Mashariki kwa mpigo mmoja. Viwanda vya dawa vina thamani, lakini njia ya kufikia kaunta ina thamani yake pia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa dawa mseto ya malaria. Mwaka 2001 Novartis ilikubaliana na Shirika la Afya Duniani kuuza dawa yake ya Coartem bila faida kwa sekta ya umma ya nchi zenye malaria. Mwaka huo huo Tanzania iliachana na klorokwini na kuhamia SP, na mwishoni mwa 2006 ikahamia dawa mseto. Makubaliano ya 2001 yalikuwa mema, lakini yalijenga ukuta: bei nafuu ilikuwa ya vituo vya umma tu. Nje ya ukuta huo, katika maduka ambako wananchi wengi hukimbilia homa inapowapata usiku, dawa ya aina hiyo hiyo iliuzwa kwa bei ya mara kadhaa zaidi.

Kati ya 2007 na 2008 lilifanyika jaribio katika wilaya za Maswa na Kongwa, kwa ushirikiano na Taasisi ya Clinton, la kupitisha dawa yenye ruzuku kwa muuza jumla wa kawaida hadi maduka ya dawa baridi. Katika mwaka mmoja, wateja wa maduka hayo walionunua dawa mseto waliongezeka kutoka asilimia 1 hadi asilimia 44. Maduka yaliyo mbali na miji, hata hivyo, yalibaki nyuma. Ruzuku ilifuata njia ya biashara, na biashara haipendi barabara mbovu.

Jaribio hilo lilisaidia kuandaa mpango wa AMFm, ulioendeshwa na Mfuko wa Dunia kuanzia 2010 katika nchi kadhaa, zikiwemo Tanzania Bara na Zanzibar. Tuangalie ulivyofungwa. Mfuko ulijadiliana bei na watengenezaji. Watengenezaji wakakubali kumuuzia mwagizaji binafsi kwa bei isiyozidi ile ya serikali. Mfuko ukalipa sehemu kubwa ya bei hiyo moja kwa moja kiwandani, na mwagizaji akalipa kilichobaki. Paketi zikachapwa nembo ya jani la kijani. Tathmini huru ilionyesha bei imeshuka sana katika maeneo sita kati ya manane, na Tanzania Bara ilikuwa miongoni mwa yaliyofanikiwa.

Lakini mkataba ulimfunga mtengenezaji na mwagizaji wa kwanza. Baada ya hapo, kuanzia muuza jumla hadi duka la mtaani, zilibaki bei elekezi, matangazo na lile jani. Novemba 2012 Bodi ya Mfuko iliamua kuuingiza mpango katika ruzuku za kawaida za kila nchi. Tangu hapo dawa ya dukani ililazimika kugombania fungu lile lile na mahitaji mengine ya taifa. Uamuzi ulifanywa mbali, na mwenye duka wa Temeke hakuwa na kifungu cha kusimamia.

Sisemi kwamba hatuwezi kuandika mikataba bora. Mwaka 2014 mkoa wa Dodoma, kwa msaada wa Uswisi, ulianzisha utaratibu wa Jazia: kituo cha umma kikikosa dawa Bohari, hununua kwa mshitiri mmoja wa mkoa aliyepatikana kwa zabuni na kwa bei zilizokubaliwa mapema. Mwaka 2018 utaratibu huo ulifika mikoa yote ya Tanzania Bara. Una kasoro zake, na hautibu ugonjwa wa serikali kuchelewa kuilipa Bohari. Funzo lake ni kwamba mkataba unaweza kuandikwa kwa kuanzia na mahitaji ya kituo chenyewe.

Kwa wanafunzi wangu na kwa ninyi watumishi mnaopitia makubaliano haya maofisini, naomba kila mkataba wa dawa usomwe kwa maswali matatu kabla ya kutazama bei. Nani anapokea dawa inayokaribia kuisha muda? Nani anashika usajili uhusiano ukivunjika? Na mzigo unahesabiwa kuwa umefika wapi: bandarini, ghalani Keko, au kwenye kaunta ya mwisho? Kwa wanaharakati, nawaomba mdai mikataba inayogharamiwa na umma iwekwe wazi, hasa vifungu hivyo vitatu.

Nilipoondoka Mbagala siku ile, mama yule alikuwa akijaza oda mpya ya dawa mseto. Aliagiza paketi chache kuliko anazohitaji, kwa sababu anaogopa zisije zikamwishia muda rafuni. Mvua za masika zilikuwa zinakaribia, na malaria hupanda baada ya masika. Alijua wazi kwamba zitapungua, na kwamba atakayezikosa ni mgonjwa atakayefika kwa kuchelewa.