Safu ya Lugha: Usharika si ushirika

Matangazo ya shukrani baada ya mazishi siku hizi huandika, "Tunaushukuru ushirika wetu na mchungaji wake." Mhariri naye huyapitisha, pengine akidhani "usharika" ni kosa la chapa. Si kosa. Kwa Walutheri wa Tanzania, usharika ni kundi la waumini wa mahali fulani, lenye mchungaji, wazee wa kanisa na daftari la washarika. Juu yake kuna jimbo, kisha dayosisi. Mkatoliki hapo angesema parokia, na mjadala ungeishia hapo.

Ushirika ni hali: kushiriki pamoja imani, mkate na divai, raha na msiba. Ndiyo maana mtu huhama usharika wa Moshi akaingia wa Mbeya bila kutoka katika ushirika. Na kinyume chake kipo, tena sana: washarika wamebanana benchi moja, ushirika hakuna. Mkulima wa kahawa Kilimanjaro ana maana yake nyingine kabisa. Kwake ushirika ni chama cha kuuzia mazao, kama KNCU iliyoanzishwa mwaka 1933.

Maneno haya yote yana asili moja ya Kiarabu, iliyotupatia pia shirika na, msishtuke, ushirikina, yaani kumpa Mungu washirika. Msharika, mshirika na mshirikina ni ukoo mmoja. Lakini chapeni "mshirikina" kwenye tangazo la shukrani, muone kama mzee wa kanisa hatakuja ofisini mwenyewe.