Vipindi vya Kubeba

Ukivuka mpaka kutoka Tunduma kwenda Nakonde, saa inarudi nyuma. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, kwa hiyo tamthilia inayoanza saa tatu usiku upande wetu, kule inaanza saa mbili. Bando ulilonunua Tunduma nalo halivuki hivi hivi: laini ikishashika mtandao wa Zambia, ama intaneti inakata, ama salio linayeyuka. Dereva anayepeleka mafuta Lubumbashi bado ana Kapiri Mposhi, Ndola na foleni ya mpakani Kasumbalesa mbele yake, na juu ya lori hakuna dishi. Anachofanya kila mtu mjini anakijua. Anaondoka na vipindi vyake mfukoni, kwenye memori ya simu.

Wataalamu wa Kiingereza wana majina mawili kwa jambo hili. Kurekodi kipindi ukitazame baadaye wanakuita "time shifting". Kukichukua ukitazame kwingine, kwenye simu au tableti, ni "place shifting". Tafsiri inayojileta haraka ni kuhamisha wakati na kuhamisha mahali, na zote mbili sizikubali. Wakati hauhami, Nakonde itabaki nyuma kwa saa moja, uwe na simu au usiwe nayo. Mahali napo hapahami. Kinachohama ni kipindi, na kinahama kwa sababu kuna mtu aliyekibeba. Kwa hiyo istilahi ninayoitetea hapa ni kipindi cha kubeba, kwa wingi vipindi vya kubeba, na kitendo chenyewe ni ubebaji wa vipindi.

Historia inaniunga mkono. Sony ilianza kuuza mashine ya Betamax mwaka 1975. Mwaka uliofuata kampuni za filamu za Universal na Disney zikaishtaki, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1984, kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji waliamua kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani kwake ili akitazame baadaye si kosa. Hoja nzima ilisimama juu ya ratiba ya stesheni: kituo kinarusha usiku, mimi natazama asubuhi. Sasa angalia kwetu. Mwaka huo wa 1984 Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na stesheni hata moja. ITV ilianza 1994 na televisheni ya taifa ikafuata mwaka 2000. Lakini deki na kanda za video zilishaingia katika miaka ya 1980, na vibanda vya video vilishapata wateja wake. Ndiyo maana watu wazima bado wanaiita filamu mkanda, ingawa ukanda wenyewe haupo tena. Kwa Mtanzania wa Bara, picha ya kubebwa ilitangulia picha ya kurushwa. Wenzetu walianza na ratiba wakatafuta njia ya kuikwepa; sisi tulianza na mkanda kwenye begi. Neno linalotokana na ratiba haliwezi kututosha.

Vitenzi vyake tayari viko mtaani, na vimegawana kazi vizuri kuliko orodha nyingi za istilahi. Pita kwenye kibanda cha kuingiza muvi, kompyuta moja mezani na kisoma kadi kimening'inia kwenye waya. Dereva anatoa memori kutoka kwenye simu.

"Dogo, niwekee hiyo sizoni yote."

"Memori ya GB ngapi, braza? Unataka iliyotafsiriwa au yenye Kiingereza chake?"

Hapo hakuna aliyesema kupakua, na hawajakosea. Kupakua, neno lililozoeleka katika programu za kompyuta za Kiswahili, ni la bandarini na la jikoni: unapakua shehena melini, unapakua wali sufuriani. Linakaa vizuri pale mtu anapoteremsha faili kutoka intaneti, na vijana wanaosema kushusha wamechukua njia hiyo hiyo. Lakini faili likitoka kompyuta ya jirani kuingia kwenye kadi yako, hakuna kilichoshushwa. Pale ni kuingiza au kuweka. Likitoka simu moja kwenda nyingine hewani, bila waya, watu husema kurusha: "Nirushie ile ya jana." Hili la mwisho lina tatizo kidogo, maana stesheni nazo hurusha vipindi. Muktadha unatenganisha, ila mwandishi wa kamusi atahitaji kutaja maana zote mbili. Ninachoomba ni kwamba vitenzi hivi vitatu visimezwe na kupakua.

Penye upungufu wa kweli ni ndani ya faili. Mtu anabeba muvi hadi Mpika, anaifungua, sauti inatoka lakini kioo ni cheusi. Analaumu memori, analaumu kijana wa kibanda. Mara nyingi kosa liko kwenye neno umbizo, ambalo tumelibebesha mambo mawili. La kwanza ni aina ya faili, kama MP4 au MKV. Kiingereza kinaliita kontena, na nadhani hakuna mji Tanzania unaohitaji maelezo machache zaidi ya neno hilo kuliko Tunduma. Maandishi ya ubavuni mwa kontena hayakuambii mzigo umefungwaje ndani. Namna ulivyofungwa ndiyo jambo la pili, kodeki: kanuni ya kubana picha na kuikunjua. H.264 ni ya mwaka 2003 na karibu kila simu inaisoma. H.265, ya mwaka 2013, inabana picha hadi karibu nusu ya ukubwa ule kwa ubora unaokaribiana, lakini simu nyingi za zamani haziwezi kuikunjua. Mafaili mawili yanaweza yote kuandikwa MP4, moja likacheza na jingine likagoma. Kwa hiyo tuseme kontena kwa la kwanza, kodeki kwa la pili, na umbizo tuliache kwa mazungumzo ya jumla.

Kubana nako kuna hesabu ambayo anayebeba anapaswa kuijua. Kipindi cha dakika 45 kilichorekodiwa kwa megabiti 4 kwa sekunde kinachukua MB 1,350. Memori ya GB 32 inabeba 23 tu. Kikibanwa hadi megabiti 1, kinashuka hadi takriban MB 340, na memori ile ile inabeba zaidi ya 90. Kwenye kioo cha inchi sita tofauti haisumbui sana. Kwenye televisheni ya sebuleni utaiona mara moja. Tahadhari nyingine: memori za GB 32 kwa kawaida hupangwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja linalofika GB 4, hata nafasi ikiwa tele.

Lipo suala la haki. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA ndiyo msimamizi wake. Kubeba kipindi ulichorekodi mwenyewe ni jambo moja, kuuza nakala za kazi ya mtu bila idhini yake ni jingine, na waigizaji na waandishi wa tamthilia zetu wanaumia kwa hili la pili. Istilahi nzuri isifunike tofauti hiyo: kwa biashara ile, neno ni kudurufu bila idhini.

Kitenzi kubeba kina faida moja ambayo kuhamisha haina. Kinatupa kubebeka. Programu halali za kutazamia filamu sasa zinaruhusu kupakua; Netflix iliruhusu mwishoni mwa 2016. Lakini faili linalopakuliwa humo limefungwa kwa kufuli la kidijitali. Linafunguka ndani ya programu ile tu, mara nyingi kwa siku kadhaa, na ukilinakili kwenye memori ya mwenzako halichezi. Kipindi hicho kimepakuliwa, ila hakibebeki kama kile ulichokirekodi mwenyewe, na muda wake unaweza kuisha kabla lori halijatoka kwenye foleni ya Kasumbalesa.