Gari ni Lile Lile, Jina Ndilo Linalobadilika

Mtu anayekaa Vällingby siku hizi hana haja ya kwenda mashambani ili aone trekta. Ijumaa jioni atasikia muziki unadunda kutoka mbali, kisha litapita Volvo la zamani lililokatwa nyuma, lina pembetatu nyekundu mgongoni, na kwenye usukani amekaa kijana wa miaka 15. Linakwenda kilomita 30 kwa saa na nyuma yake pamejaa madereva wenye hasira. Hilo ndilo A-traktor. Kwa macho ni gari. Kwa Transportstyrelsen ni trekta, na ndiyo maana mtoto ambaye hawezi kupata leseni ya gari dogo mpaka atimize miaka 18 anaruhusiwa kuliendesha.

Wazazi kadhaa wa kwetu wamekwisha kuniuliza kama wakubali kumnunulia kijana chombo hicho. Kabla ya kujibu inafaa tujue kilitoka wapi.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili matrekta yalikuwa haba nchini Sweden. Wakulima wakachukua magari makuukuu, wakakata bodi nyuma ya kiti cha dereva, wakaweka kitanda cha mizigo. Kuanzia mwaka 1940 serikali ikayawekea masharti. Watu wakayaita EPA-traktor, kwa jina la duka la EPA lililoanzishwa mwaka 1930 na kusifika kwa bei chee, maana yake trekta la mnyonge. Ufundi wake ulikuwa rahisi: giaboksi mbili zinaungwa moja nyuma ya nyingine, ya pili inafungwa kwenye gia nzito, basi injini ipige kelele itakavyo, magurudumu hayavuki kilomita 30. Mimi kama mhandisi naliheshimu wazo hilo. Mwendo ulizuiwa na chuma chenyewe, si kibao kando ya njia.

Bahati mbaya kilichofungwa na fundi hufunguliwa na fundi. Vita vilipokwisha matrekta ya kweli yakapatikana, na haya ya kuunga yakabaki mikononi mwa vijana wa vijijini, ambao wengi walijua namna ya kuirudisha ile giaboksi ya pili kwenye gia nyepesi. Mwaka 1975 serikali ilitaka kuyafuta kabisa. Vijijini watu walipinga sana, kwani kule basi hupita mara chache na kijana hana njia nyingine ya kufika shuleni. Ndipo likazaliwa daraja jipya, A-traktor, linalotakiwa liundwe lisiweze kupita kilomita 30. Mwaka 2020 sheria ikalegezwa, mwendo ukaweza kuzuiwa kwa njia ya elektroniki, na idadi yake ikapanda haraka, mpaka yakaingia na huku mijini. Ajali nazo zikazidi. Mwaka 2023 mikanda ikafanywa lazima na kupakia watu nyuma kukakatazwa.

Tusidhani hii ni ajabu ya Waswidi peke yao. Uingereza, mwaka 1865, sheria iliweka kila chombo kinachojiendesha barabarani katika fungu moja la mitambo mizito ya mvuke: maili 4 kwa saa nje ya mji, 2 ndani ya mji, na mtu atangulie kwa miguu yadi 60 mbele akiwa na bendera nyekundu. (Pembetatu ya A-traktor naiona kama bendera ile ile iliyohamishiwa nyuma.) Magari ya petroli yalipoanza kuingia, sheria iliyahesabu kuwa mitambo ya mvuke. Wenye magari hawakuwa na la kufanya ila kupigania jina jipya, na wakalipata: sheria ya mwaka 1896, iliyoanza kutumika tarehe 14 Novemba, ilitenga fungu la mitambo myepesi, yaani isiyofikia tani 3 bila mzigo. Hii iliruhusiwa maili 14 kwa saa, na serikali ikaishusha hadi 12. Chombo hakikubadilika hata parafujo moja, ila usiku mmoja kilihama kutoka mwendo wa mtu anayetembea hadi mwendo wa farasi.

Sasa shikeni hizo tani 3 na mje nazo Nairobi. Mwezi Oktoba 2003 waziri wa uchukuzi wa Kenya, John Michuki, alitangaza kanuni ambazo mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Matatu na mabasi, pamoja na magari ya biashara yenye uzito mtupu unaozidi kilo 3,048, yote yafungwe kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kwa nini 3,048 na si 3,000? Pigeni hesabu: tani moja ya Kiingereza ni kilo 1,016, mara tatu ni 3,048. Ni mpaka ule ule wa 1896, umegeuzwa kuwa kilo bila mtu kujisumbua kuukata uwe namba nzima.

Tarehe 1 Februari 2004 kanuni zilipoanza kutumika, matatu nyingi hazikuonekana barabarani na watu wakaenda kazini kwa miguu. Lakini tazameni: Nissan yenye viti 14 iliyobeba abiria wa kulipa ilifungwa kwenye 80, na ndugu yake aliyetoka kiwanda kimoja naye, akiwa mali ya mtu binafsi, hakufungwa. Mimi naona ilikuwa haki. Abiria wa matatu hakumchagua dereva wake, wala hawezi kumwambia apunguze. Udhaifu ulikuwa kwenye kifaa, kwani baada ya muda wengi walikichezea, sawasawa na vijana wa giaboksi mbili.

Tena huku kwetu mkitaka kuona nguvu ya jina, ingieni barabara kuu ya E4. Lori linalozidi tani 3.5 haliruhusiwi kupita 90 kwenye motorväg. Gari la kulala la familia, lenye uzito huo huo na pengine fremu hiyo hiyo, limesajiliwa kama gari dogo daraja la pili, basi linafuata kibao: 110 au 120. Na wewe uliyefunga tela nyuma ya gari lako ukipeleka mizigo ya kontena bandarini, mwisho wako ni 80, hata kama tela ni tupu. Wenzetu wengi hulipa faini hapo kwa sababu walisoma kibao wasisome hati ya gari.

Kwa wazazi waliouliza, jibu langu ni hili. Muulizeni muuzaji mwendo umezuiwa kwa chuma au kwa programu. Kama ni programu, mjue kwamba kijana mwenye laptopu na waya wake anaweza kuifungua, na siku hiyo kwa sheria mwanao haendeshi trekta tena. Anaendesha gari bila leseni. Na hata likibaki kwenye 30, angalieni njia yake ya shule. Ndani ya Vällingby 30 ni mwendo wa kawaida. Kwenye barabara ya 70, anayekuja nyuma anamfikia kwa tofauti ya kilomita 40, ambayo ni mita 11 kila sekunde.