Usomaji wa Onyesho la Spektra ya Redio: Karatasi ya Darubini ya Big Ear, 1977

Kichanganuzi cha spektra ni chombo kinachoyagawa mawimbi ya redio kwa masafa yake na kuonyesha nguvu iliyomo katika kila sehemu. Anayeanza kukitumia hupewa maelezo mafupi: mhimili mlalo ni masafa, mhimili wima ni nguvu, na mstari unaotikisika chini ya kioo ni kelele. Maelezo hayo ni sahihi, ila humwacha akiamini kuwa kioo kinamwonyesha mawimbi kama yalivyo angani. Makala haya yanadai kwamba onyesho la spektra ni hati kama hati nyingine anazozishughulikia mwanahistoria: limeandikwa kwa kanuni maalumu, na yapo mambo ambayo kanuni hizo haziliruhusu kuyasema. Dai hilo linajadiliwa kwa kutumia karatasi moja iliyochapwa nchini Marekani mwezi Agosti 1977, ambayo hadi leo wapo wanaoisoma kana kwamba ni barua.

Darubini ya redio iliyojulikana kama Big Ear ilisanifiwa na John Kraus na kuendeshwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, karibu na mji wa Delaware. Haikuwa sahani inayogeuzwa kuifuata nyota. Kiakisi chake bapa kiliweza kuinamishwa ili kuchagua kimo cha eneo linalotazamwa, lakini kwa mwelekeo wa mashariki na magharibi darubini ilitegemea mzunguko wa dunia. Anga lilipita mbele yake polepole, nayo ikasikiliza kilichopita. Msomaji alishike jambo hili, kwani ndilo litakaloeleza umbo la ushahidi wenyewe.

Kipokezi kilisikiliza karibu na megahezi 1420, masafa ya haidrojeni, na kuligawa eneo hilo katika chaneli 50 zenye upana wa kilohezi 10 kila moja. Kompyuta ya IBM 1130 ilikusanya nguvu ya kila chaneli kwa sekunde 10, ikatumia takriban sekunde 2 kuichakata, kisha ikachapa mstari mmoja. Kwa hiyo karatasi ndiyo iliyokuwa onyesho: chaneli zilipangwa kwa safu wima, na muda ulishuka mstari kwa mstari. Mtumiaji wa programu za redio za siku hizi atalitambua umbo hilo mara moja. Ni lile onyesho la maporomoko, ambamo rangi hueleza nguvu. Karatasi ya 1977 haikuwa na rangi. Kila chaneli ilipewa nafasi ya alama moja tu.

Alama hiyo ilipatikana kwa hatua ambazo si dhahiri kwa mtu aishikaye karatasi kwa mara ya kwanza. Kompyuta iliondoa wastani wa usuli wa chaneli husika, ikagawa kilichobaki kwa mkengeuko sanifu wa kelele, kisha ikatupa desimali. Jibu lililokuwa chini ya 1 liliachwa wazi. Kuanzia 1 hadi 9 ilichapwa tarakimu yenyewe. 10 iliandikwa A, 11 ikawa B, na kuendelea hadi Z. Herufi, basi, ilikuwa namba iliyobanwa ili ienee katika nafasi moja. Sehemu kubwa ya karatasi hizo ni nafasi wazi zilizonyunyiziwa 1 na 2, yaani kelele ya kawaida.

Tarehe 15 Agosti 1977, katika chaneli ya pili, mistari sita mfululizo ilichapwa alama 6, E, Q, U, J na 5. Jerry Ehman, aliyezipitia karatasi siku chache baadaye, alizizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni neno la mshangao, “Wow!”. Ndilo jina ambalo ishara hiyo imelichukua.

Tukizirudisha alama hizo kuwa namba tunapata 6, 14, 26, 30, 19 na 5. Hapo hapana neno wala fumbo, pana kilima. Kilima hicho kinafanana na mwitikio wa antena yenyewe. Chanzo chochote kilichotulia angani na chenye nguvu isiyobadilika kingekichora vivyo hivyo, kikipanda na kushuka kadiri dunia ilivyokipitisha mbele ya antena. Zile sekunde 72 zinazotajwa mara kwa mara kama umri wa ishara ni muda wa antena kulipita eneo moja la anga. Chanzo kingeweza kuwa kilianza saa nyingi kabla, na kuendelea saa nyingi baadaye.

Upana nao unahitaji uangalifu uleule. Ishara ilionekana katika chaneli moja, kwa hiyo twaweza kusema kwamba haikuzidi takriban kilohezi 10. Kama ilikuwa nyembamba mara elfu, karatasi isingejua. Kioo cha kichanganuzi cha kisasa kina tabia hiyohiyo. Ishara iliyo nyembamba kuliko kichujio cha chombo huchora umbo la kichujio, na anayeanza hulipima umbo hilo akidhani amepima ishara. Akikipunguza kichujio kutoka kilohezi 10 hadi kilohezi 1, ataona sakafu ya kelele ikishuka kwa desibeli 10, ilhali nje hakuna kilichobadilika. Na atalipa kwa muda, kwani kichujio chembamba huhitaji kusubiriwa zaidi. Huko Ohio malipo hayo yalikuwa sekunde 10 za kukusanya: kama ishara iliwaka na kuzimika mara mia kwa sekunde, yote hayo yalimezwa na wastani.

Lipo pengo jingine, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Big Ear ilikuwa na pembe mbili za kupokelea, hivyo chanzo cha angani kilitarajiwa kuonekana mara mbili, kwa tofauti ya takriban dakika tatu. Hiki kilionekana mara moja. Aidha, mfumo ulitoa nguvu ya pembe moja kutoka kwa nyingine, na karatasi haikuhifadhi ni pembe ipi iliyopokea. Matokeo yake ni kwamba kuna sehemu mbili za anga zinazoweza kuwa asili ya ishara, na hakuna usomaji wa karatasi, hata uwe makini kiasi gani, utakaochagua kati yake.

Robert Gray aliitafuta tena mwaka 1987 na 1989 kwa darubini ya Oak Ridge, Massachusetts, kisha mwaka 1995 na 1996 kwa mfumo wa Very Large Array huko New Mexico, bila kuipata. Ehman aliandika maelezo marefu kuhusu namna alama zilivyokokotolewa, na karibu kila kinachosemwa kwa uhakika kuhusu karatasi hiyo kinatokana na maelezo ya aina hiyo. Darubini yenyewe haiwezi kuulizwa tena: ilibomolewa mwaka 1998, na ardhi yake ikatumika kupanua uwanja wa gofu.